Majibu Yalikuwa Yangu

Mwaka 2021, nikiwa na miaka sitini na miwili, nilianza kukohoa katikati ya msimu wa kahawa. Nikasema ni vumbi. Mtu akikoboa kahawa kavu miaka thelathini lazima akohoe, ndivyo nilivyojiambia, na kila aliyeniuliza nilimjibu hivyo hivyo. Julai ikapita, Agosti ikapita. Septemba nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda wangu. Oktoba nikatoboa la pili. Shati la kanisani likawa linanining'inia kama la kuazima.

Mimi si mtu wa hospitali. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikachunge mbuzi wa baba mdogo. Shamba langu huku upande wa Mbuji nililianza na miche niliyobeba kichwani kutoka kitalu cha watu. Sikurithi hata mche mmoja. Mwili wangu nilizoea kuufokea ukatii. Safari hii niliufokea ukakaa chini.

Naandika haya kwa sababu nimepona, na kwa sababu najua sasa hivi kuna mtu amekaa kwenye benchi mahali fulani, ameshika kikopo cha makohozi, amekifunika kwa kofia ili jirani yake asikione. Nakuandikia wewe. Habari za vijidudu utaelezwa na wenye kazi yao. Mimi nitakueleza habari za midomo.

Kituo nilichokwenda sikitaji jina. Mtu aliyenitendea ninayotaka kusema simtaji pia. Nitamwita Mhudumu. Wanaomjua wanamjua, lakini hawatamjua kwa kalamu yangu. Sitamfanyia alichonifanyia.

Nilikaa kwenye benchi lile tangu saa moja asubuhi. Chumba cha daktari hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia la maua lililochanika chini, unaona viatu vya mgonjwa aliyeko ndani. Ukikaa karibu unasikia kila kitu. Mama mmoja aliingia, tukasikia wote kwamba mimba imeharibika. Alipotoka, benchi zima lilimpa pole. Yule mama hakuwa ameomba pole ya benchi. Niliona vibaya siku ile, lakini nilinyamaza kwa sababu halikuwa jambo langu. Laiti ningepiga kelele siku ile.

Mhudumu ndiye aliyepokea kikopo changu. Ameoa kwetu, mke wake ni binti wa baba yangu mdogo, kwa hiyo ni shemeji yangu.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Kifua?"

"Vumbi."

"Haya, tutaliona hilo vumbi," akasema, akacheka. Nami nikacheka. Alikuwa mtu wetu.

Majibu nilipewa Alhamisi. Daktari alikuwa kijana mpole, akanisogelea mpaka magoti yetu yakagusana, akaongea chini chini kwa sababu ya pazia lile. Akasema ni kifua kikuu. Akasema dawa ni miezi sita bila kuruka hata siku moja, na nitapona. Walinipima na kile kingine pia, kama wanavyowapima wote wenye kifua. Majibu yake siandiki hapa. Hayakuhusu.

Akaniuliza, "Mzee, nyumbani mnaishi wangapi?"

"Mimi na mke wangu."

"Mwambie mama aje tumpime. Na yeyote uliyelala naye nyumba moja tangu kikohozi kianze."

Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia. Hilo naliandika mapema ili usije ukadhani naandika kama mtu msafi. Nilifika nyumbani, mke wangu Agatha akauliza wamesemaje, nikasema wamenipa dawa za kifua. Sikudanganya, na ukweli sikusema. Nilitaka siku chache za kuzoea lile jina peke yangu, kama unavyozoea kiatu kipya ndani ya nyumba kabla hujatoka nacho. Siku hizo nilikuwa na haki nazo. Zilichukuliwa.

Jumapili nilikwenda sengu. Kwa asiye wa kwetu, sengu ni wanaume wa ukoo mmoja kula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao na kuongea mambo yao. Zamani ilikuwa kila siku. Siku hizi sisi tunaikalia Jumapili baada ya misa. Kila nyumba inaleta mboga yake, tunanawa, tunazunguka sinia, mikono inakutana kwenye ugali. Nimekula hivyo tangu nikiwa na meno ya utoto.

Siku hiyo nilinawa, nikasogea. Mdogo wangu Teofili akanishika kiwiko.

"Kaka, wewe kaa hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo kwenye kigoda. Tumekutengea, ule kwa nafasi."

Pale kwenye kigoda palikuwa na sahani ya bati, ugali wake umekatwa, maharage yake kwenye kibakuli, na kijiko. Kijiko! Juu yake kitambaa.

"Mimi lini nilikula kwa nafasi?" nikauliza.

Binamu yangu mmoja, mtu wa mizaha, akasema, "Umekuwa padri, kaka, unafunikiwa kitambaa." Wawili walicheka. Wengine walitazama sinia. Tulikuwa wanaume kumi na wanne. Nikawatazama mmoja mmoja, na nikajua kwamba wote kumi na watatu walikuwa na kitu changu mfukoni.

"Nani kawaambia?"

Mikono ikarudi kwenye sinia.

"Teofili, nakuuliza wewe. Nani?"

"Shemeji alipita Ijumaa," Teofili akasema. "Hakusema kwa ubaya, kaka. Amesema tukusaidie. Amesema tusikuulize, utaona haya."

Ijumaa. Mimi nilipewa majibu Alhamisi. Mtu yule hakungoja hata siku mbili. Alikuja kwenye uwanja ambako nimekula tangu utoto, akawakusanya ndugu zangu, akaweka makohozi yangu katikati yao. Tena akawafundisha jinsi ya kuninyamazia.

Sikula. Nilirudi nyumbani nikamkuta Agatha amekaa mlangoni, hajavua nguo za kanisa. Amezaliwa Kigonsera, akalelewa na watu wa misheni, si mwanamke wa kupayuka. Siku hiyo alipayuka.

"Baba Desi, miaka thelathini na nane nakupikia. Nimeisikia bombani! Bombani, mbele ya wake wa watu! Mtu ananiambia 'pole dada, na wewe umepima?' Nimeuliza nimepima nini?"

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Baada ya bomba?"

Nilikaa chini kando yake. Na hapo ndipo hasira yangu ilipokaa, mpaka leo haijatoka yote. Jambo lile lilikuwa langu kumwambia. Ningemwambia vibaya, ningechelewa, lakini ningemwambia mimi, jikoni kwake, naye angenigombeza mimi. Mtu mwingine alinyang'anya hata lile gomvi letu akalipeleka bombani.

Agatha alipimwa Jumatatu. Hakuwa nao. Alilia kwenye benchi, sijui kwa furaha au kwa aibu. Nilitaka kumshika mkono, akauondoa.

Sasa, dawa zile wiki za kwanza unazimeza mbele ya mhudumu, kila asubuhi, ili wajue umemeza. Unaona mtego ule? Kila asubuhi nilitakiwa kusimama dirishani kwa mtu yule yule, nifungue kinywa, nimeze, nimwonyeshe ulimi. Jumatatu hiyo, baada ya kumeza, nilimuuliza.

"Shemeji, nani alikutuma kuwaambia?"

"Hakuna aliyenituma. Jambo la nyumba linasemwa sengu, shemeji. Ndiyo desturi."

"Ni nyumba ya nani?"

"Yako."

"Basi mwenye nyumba ndiye anayelipeleka. Tangu lini mtu anapelekewa jambo lake sengu na aliyeoa? Wewe ungekuwa na mkojo wa kitandani ningekwenda kuusema kwenu?"

Watu benchini wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mimi nimeokoa ukoo. Ungewaambukiza kwenye sinia."

Huo ndio uliokuwa ukuta wake, alijificha nyuma yake miezi sita. Sikuwa na elimu ya kuubomoa siku ile. Nilijua tu kwamba mtu anayetaka kuokoa watu humwita mgonjwa pembeni akamwambia, "Shemeji, Jumapili usile sinia moja na watu mpaka daktari aseme." Ningemshukuru. Nisingekwenda kabisa.

Ukutani palikuwa na karatasi imeandikwa kwamba mgonjwa ana haki ya kutunziwa siri. Chini yake sanduku la maoni. Nilikwenda dukani nikanunua karatasi, nikaandika kwa mkono wangu huu wa darasa la nne, mistari tisa, nikaitia. Nilipokuwa bado nimesimama pale, nikamuuliza mama anayefagia, "Hili nani hulifungua?"

Akaonyesha dirishani kwa kidevu. "Funguo anayo yeye."

Nilicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka nikashika ukuta. Siku ya pili Mhudumu aliniambia, "Shemeji, maandishi yako mazuri." Basi nikaingia moja kwa moja kwa daktari, nikapita foleni, watu wakanung'unika. Daktari alisikiliza, uso ukambadilika. Akasema atazungumza naye. Labda alizungumza. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na maneno yakitoka hayabaki kama yalivyotoka. Kufikia Ijumaa iliyofuata, kifua changu kilikuwa kimegeuka ugonjwa mwingine midomoni mwa watu, na Agatha alikuwa amegeuka mtu wa kuhurumiwa. Walioahidi kuja kunipandia mahindi mvua zikianza wakapata safari.

Nikaamua kushuka ziwani. Mwanangu Desideri anaishi upande wa Ngumbo, anavua usipa, vile visamaki vidogo kama dagaa, na mkewe Eliza anaanika na kuuza. Walikuwa na mtoto wa kwanza, Skola, miezi minane. Kule hakuna anayenijua, nikasema. Agatha hakutaka kuja. Akasema atabaki alinde nyumba, "na nijibu watu wako." Tuliagana bila kushikana mikono.

Daktari aliniandikia barua ya uhamisho. Aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akaibana kwa gundi, kisha akaandika jina la zahanati juu. "Mpe nesi wa kule peke yake," akasema. Nikaitia bahasha ile ndani ya soksi. Njia nzima ya kona kutoka Mbinga kushuka niliisikia mguuni.

Eliza alinipokea vizuri. "Shikamoo baba. Mbona umekonda hivi?"

"Vumbi la kahawa."

Uongo ule niliuzoea mpaka nikawa nausema kwa sauti ya ukweli. Sikumwambia Desideri pia. Yeye hurudi kutoka ziwani asubuhi na usingizi machoni, hana muda wa kuuliza maswali. Dawa nilizificha kwenye mfuko wa kunyolea. Mkojo uligeuka rangi ya chungwa, nikawa nakwenda chooni na kopo la maji nimwage, asije mtu akaona. Magoti yaliuma kama ya mtu wa miaka tisini. Novemba ya ziwani ina joto la kuchemsha, na mimi nilikaa nimevaa sweta, nasema ni baridi ya mlimani imenifuata. Eliza alicheka. Alinipikia ugali wa muhogo na usipa mbichi, akanitolea samaki mkubwa kila siku. Na mtoto akanizoea. Alilia akinyang'anywa kwangu. Nilimpakata asubuhi, nilimpakata jioni. Alinivuta ndevu. Nilikuwa nimetengwa kwenye sahani, huyu mtoto hakunitenga, na mimi nilimnywa kama maji.

Nesi wa zahanati ya kule naye simtaji, kwa sababu aliniomba. Alifungua bahasha, akasoma, akaninyooshea kiti, akainuka akafunga mlango. Mlango wa kweli, wa mbao. Nilitaka kulia kwa sababu ya mlango.

"Babu, unaishi na nani hapa?"

"Peke yangu. Nimepanga chumba."

Akaandika. Nilikuwa nameza dawa kwake kila asubuhi, ananipa maji kwenye kikombe chake cha maua, hanipi cha plastiki. Haniulizi mambo mbele ya watu. Wagonjwa wengine wakiwepo ananiambia tu, "Babu, presha yako tuione," naingia, anafunga mlango, nameza. Siku kumi hivi.

Siku ya kumi na moja alifunga mlango, hakunipa dawa kwanza. Alikaa.

"Babu, Jumatano ni kliniki ya watoto. Alikuja mama mmoja na mtoto wa miezi minane. Nikamuuliza nyumbani mko wangapi, akasema na baba mkwe, katoka milimani, ana kikohozi cha vumbi la kahawa."

Nilitazama sakafu.

"Nilimpima mtoto uzito. Nilimwangalia mama yule usoni. Sikusema kitu. Unajua ilivyoniuma?"

"Basi usiseme," nikasema. "Ndiyo kazi yako kutosema. Nimekimbia midomo kule juu, nimekuja huku, na wewe ni walewale?"

"Mimi si walewale."

"Tofauti ni nini? Yule aliwaambia ndugu zangu. Wewe unataka kumwambia mkwe wangu."

Hakukasirika. Alisema polepole, kama mtu anayehesabu mbegu.

"Sitamwambia jirani yako. Sitamwambia mchungaji wala padri. Mume wangu hajui hata kama wewe upo duniani. Kazi yangu na sheria vinanifunga mdomo, na nimekubali kufungwa. Vinanifungua mahali pamoja tu, pale ambapo mtu ataumia kwa kutojua. Babu, yule mtoto anavuta pumzi yako. Hawezi kukuuliza. Hawezi kukimbia. Na ipo dawa ya kumkinga, lakini siwezi kumpa mtoto dawa bila mama yake kujua kwa nini."

"Mpaka lini?"

"Leo Jumatatu. Mpaka Ijumaa mwambie wewe, kwa maneno yako. Ukitaka nije nikae pembeni, nitakuja. Ijumaa ikipita hujasema, nitamwambia mimi, lile linalomhusu tu. Nakuambia wewe kwanza ili usije ukalisikia bombani."

Neno hilo la bomba nilikuwa nimemsimulia mimi. Nilitoka nimekasirika, nikapita nyumba ya pili, ya tatu, nikakaa juu ya mtumbwi uliofunikwa kifudifudi. Nilitafuta mahali pa kumchukia nikakosa. Mhudumu hakuniambia kwanza. Hakunipa Ijumaa. Hakuwa na mtoto wa kukinga, na aliloliona la kukinga lingekingwa kwa neno moja sikioni mwangu.

Na mimi je? Siku kumi na moja nilikuwa na neno moja la kumwambia mama wa mtoto, nikalikalia. Nilidai haki ya siri mpaka nikamziba nayo mtoto pua.

Alhamisi asubuhi Eliza alikuwa anageuza usipa kwenye chanja. Skola alikuwa mgongoni kwake. Nilisimama upande wa pili wa chanja, mbali.

"Mama Skola, kikohozi changu si vumbi."

Aliacha kugeuza. Nikamwambia yote, jina la ugonjwa, miezi ya dawa, daktari wa juu, nesi wa hapa. Nilisema haraka, kama mtu anayetua gunia.

Hakulia. Alimfungua mtoto mgongoni akamleta mbele, akamkumbatia kwa mikono miwili.

"Baba, ulimpakata."

"Ndiyo."

"Kila siku."

"Ndiyo."

"Ukanikalia hapa, nikakupikia, nikakufulia vitambaa vyako vya makohozi kwa mikono hii, unaniambia vumbi!"

"Niliogopa utanitengea sahani."

"Sahani!" Alisema kwa sauti mpaka wavuvi wakageuka. "Sahani ni kitu gani, baba? Ningekutengea sahani, na nyumba ningekutengea, na ningekuletea chakula mlangoni nikiimba! Mtoto ningempeleka wapi kama ungenyamaza mpaka akohoe?"

Nilipokuwa namwomba ruhusa ya kuandika haya, Eliza alisema, "Andika, baba. Lakini andika kwamba nilikasirika, usinifanye malaika." Nimeandika.

Tulikwenda kupiga picha ya kifua ya mtoto, mimi, Eliza na Desideri, hospitali ambayo mashine yake ilikuwa inafanya kazi. Tulikaa kwenye benchi kutoka asubuhi mpaka jua la mchana likatufikia miguuni. Desideri, aliyeambiwa na mkewe alipotoka ziwani, alikaa katikati, uso ameugeuzia ukutani. Mtoto alikohoa mara moja. Mara moja tu, kikohozi kidogo cha kupaliwa na mate, na sote watatu tuligeuka. Sijawahi kuogopa hivyo. Nimewahi kuangukiwa na mti, sikuogopa hivyo. Nilijisemea, kama ni hicho, basi mimi ndiye Mhudumu wa mtoto huyu. Yule alisema asichopaswa, mimi nilinyamazia nilichopaswa, na mtoto hatauliza nani mbaya zaidi.

Tuliitwa ndani kwa jina la mtoto tu. Picha ilikuwa safi. Akapewa dawa ya kinga ya miezi sita, ya kusaga kwenye uji. Eliza aliitazama ile karatasi ya dawa, kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Utakuwa unamsagia wewe," akasema. "Dirisha wazi, na barakoa."

Nilimsagia. Kila siku nilimeza zangu kisha nikamsagia zake. Vidonge vyangu vilipungua kutoka lundo mpaka vichache ilipofika Januari. Makohozi yalipimwa tena, hayakuwa na kitu. Siku hiyo nesi alinishika mkono mbele ya benchi zima akasema, "Babu, presha yako imekaa vizuri sana," na macho yake yalikuwa yanacheka.

Nilirudi juu mwishoni mwa Januari. Agatha alikuwa amepanda mahindi peke yake na vibarua wawili. Aliniangalia, akaugusa mkanda wangu, akaona nimerudi tundu moja nyuma. "Unanenepa," akasema, na usiku huo alihamisha mto wake karibu na wangu. Machi ilipofika, wakati wa kukata majani na kuchimba ngoro, yale mashimo ya shambani ya kwetu ambayo hulimwa na watu wengi pamoja, niliita watu. Walikuja wanne. Mwaka uliotangulia walikuja thelathini. Tulilima wiki tatu kazi ya siku mbili, na kila jembe lililoinuka nilimkumbuka Mhudumu.

Aprili nilimaliza dawa. Mei nikaomba kusema kwenye kamati ya kituo. Mwenyekiti alinipa dakika tano. Mjumbe mmoja, mwanamke mwenye duka, aliniuliza kabla sijaanza, "Mzee, watu wote wameshajua, na umepona. Unalilia nini?"

"Ng'ombe wako akiibiwa akaliwa, huulizi nani alichinja?"

Nikasimama. Nikasema: kuna watu walikuwa na haki ya kujua ugonjwa wangu. Mke wangu. Mkwe wangu, kwa ajili ya mtoto. Wao tu. Na hao nilipaswa kuwaambia mimi, na nikishindwa, mganga aniambie kwanza kwamba nimeshindwa, ndipo awaambie kile kinachowahusu wao, asizidishe. Nesi mmoja alinifanyia hivyo, nikamchukia siku moja, nitamshukuru mpaka kufa. Hapa kwenu majibu yangu yalipelekwa kwa wanaume kumi na watatu ambao hawalali nyumba yangu. Nilikimbia. Kwa sababu nilikimbia, nilificha. Kwa sababu nilificha, mtoto wa miezi minane alivuta ugonjwa siku kumi na nne. Kosa la kuficha ni langu, nalibeba. Lakini mnaosema huyu alikinga watu, mjue kwamba mgonjwa aliyetangazwa hukimbia, na anayekimbia anakimbia na ugonjwa.

Dakika zilikuwa zimepita. Hakuna aliyenikatiza.

Walimwondoa Mhudumu dirishani wakampa kazi ya stoo. Funguo za sanduku zikawa mbili, kwa watu wawili. Kuhusu mlango, wakasema bajeti haipo. Nilipasua mbao za mkaratusi wangu, fundi akaunganisha, tukaufunga mimi na yeye. Pazia nililichoma moto nyuma ya kituo, daktari akitazama.

Mhudumu mwenyewe sikutaka afukuzwe, ana watoto ambao ni watoto wetu. Nilitaka kitu kimoja, aje asemee palepale aliposemea. Alichelewa mpaka msimu wa kahawa, kisha Jumapili moja akaja sengu, akasimama mbele yetu wote.

"Shemeji," akasema, "nilikosea namna ya kusema."

"Rudia," nikamwambia. "Toa namna."

Teofili akakohoa makusudi. Nikamkazia macho akaacha.

"Nilikosea kusema."

"Kaa ule."

Alikaa. Sijamsamehe yote. Nakula naye sinia moja na bado sijamsamehe yote, na sioni kwa nini nikudanganye wewe uliyekaa kwenye benchi na kikopo. Ila sikiliza: meza dawa mpaka ya mwisho. Mwambie anayelala ndani ya nyumba yako, leo, kabla ya chakula. Mwingine yeyote akitaka kujua, mwangalie tu. Na aliyekutangaza, usimwachie. Nenda kwa mkubwa wake, kisha kwa mkubwa wa mkubwa wake.

Leo nina miche ya kahawa elfu mbili na mia tatu. Nina nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya upande mmoja. Nina ng'ombe wawili na ndama, mashine ya kumenya kahawa, baiskeli, redio. Nina mapafu mawili, la kulia lina kovu. Nina Agatha. Nina mkwe ambaye hunitumia usipa kila mwezi na kunifokea kwenye simu. Nina mjukuu wa miaka minne, anapiga kelele siku nzima, kifua chake safi. Na nina habari hii, ambayo sasa nimeitoa mwenyewe.